Dawa ya Kisukari Ikikusumbua: La Kufanya Kabla ya Kuiacha

Mgonjwa wa kisukari anayeacha dawa kwa sababu ya tumbo au kizunguzungu aghalabu hamwambii mtu. Huanza kwa kuruka kidonge cha asubuhi, kisha akawa anakinywa karibu na siku za kliniki tu, mwishowe boksi likabaki juu ya kabati. Siku ya kliniki inapowadia, iwe ni kwenye zahanati ya mtaani au katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, kipimo cha sukari kinasoma 16, yaani iko juu sana, naye daktari, akiamini kwamba dozi aliyoiandika inanywewa, anaiongeza au anaweka dawa ya pili juu yake. Hatari inazaliwa hapo. Siku mtoto aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam atakapoamua kumsimamia mama yake anywe kila kilichoandikwa kwenye cheti, mwili utapokea ghafla dozi ambayo haujawahi kuipokea, na sukari itaanguka. Ndiyo sababu mwongozo huu hauanzi na majina ya dawa mbadala. Unaanza na namna ya kuyatambua maudhi, kuyaandika na kuyafikisha kwa anayeweza kuyatatua, kwa kuwa mara nyingi kinachohitaji kubadilishwa ni saa ya kunywa, kiasi au aina ya kidonge, wala si dawa yenyewe.

Yanayofuata yanawahusu zaidi wenye kisukari cha aina ya pili. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, hata akichukizwa na sindano kiasi gani, asikatishe insulini hata kwa siku moja, kwa sababu mwili wake hauna akiba nyingine na tindikali ya ketoni, sumu inayojikusanya kwenye damu mwili unapokosa insulini, inaweza kumlaza hospitalini ndani ya muda mfupi.

Jua kwanza unakunywa nini

Katika miji kama Tanga mgonjwa mmoja anaweza kuwa na dawa zilizotoka Bombo, nyingine za zahanati, na nyingine alizonunua duka la dawa la Ngamiani siku zile za hospitali zilipokuwa zimekwisha. Dawa ileile huja kwa majina tofauti ya biashara: metformini huuzwa pia kama Glucophage, na glibenklamaidi wengi huijua kwa jina la Daonil. Kuna vidonge vilivyochanganywa dawa mbili ndani ya kimoja, kama vile glimepiraidi pamoja na metformini, na asiyejua huvinywa huku akiendelea na metformini yake ya zamani. Zaidi ya hapo, ziko dawa zinazohesabiwa kaunta na kutiwa kwenye bahasha ndogo iliyoandikwa "1x2" na si kingine. Bahasha ya namna hiyo usiipokee kimyakimya. Mwombe mtoa dawa aandike jina la dawa na miligramu zake hapohapo mbele yako.

Kisha weka daftari. Si lazima liwe la fahari, daftari la shule la kurasa 40 linatosha. Kwa kila siku andika jina la dawa, saa uliyoinywa, ulichokula, kilichokusumbua na saa kilipoanza, pamoja na kipimo cha sukari kama mashine unayo. Ukurasa mmoja unaweza kusomeka hivi: "Jumanne. Metformini 500, saa 1 asubuhi, chai ya rangi bila kitafunwa. Saa 3 tumbo likakoroga, choo mara mbili. Usiku 500 nyingine baada ya ugali na samaki, hakuna tatizo." Ukurasa huo peke yake umekwisha kumwambia daktari kwamba dawa si adui, kidonge kilishukia tumbo tupu. Maneno kama "dawa hii hainipendi" hayampi mtu yeyote pa kuanzia.

Metformini na tumbo

Metformini ndiyo dawa inayoanzishwa kwa wengi, na ina sifa mbili kubwa: bei yake iko chini, na inapotumiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Maudhi yake makuu ni ya tumbo, yaani kichefuchefu, gesi, kuharisha, kukosa hamu ya kula na ladha kama ya chuma mdomoni. Huwapata watu wengi mwanzoni, na kwa walio wengi hupungua ndani ya wiki chache, mradi dozi isiwe imeanzishwa kwa pupa. Utaratibu unaokubalika ni kuanza na miligramu 500 mara moja kwa siku, pamoja na chakula cha jioni, kisha kuongeza taratibu kila baada ya wiki moja au mbili hadi kufikia kiwango alichokikusudia daktari. Aliyeanzishiwa 1000 asubuhi na 1000 jioni tangu siku ya kwanza, akakesha chooni, ana haki ya kuomba arudishwe nyuma na kupandishwa upya.

Kidonge kinywe katikati ya mlo au mara tu unapoumaliza, na mlo uwe mlo kweli. Kikombe cha kahawa chungu na tende barazani si mlo, ingawa wazee wetu wengi wa Pwani huanza siku kwa hicho na kukihesabu. Kama asubuhi yako ndivyo ilivyo, mwambie daktari. Huenda dozi kubwa ikahamishiwa usiku unapokula vizuri.

Ikiwa tumbo bado linakataa baada ya kufanya hayo yote, mbadala wa kwanza wa kuulizia ni metformini ileile ya aina inayotoa dawa taratibu, ambayo mara nyingi huwa na herufi XR au SR baada ya jina. Wengi walioshindwa na ile ya kawaida huivumilia hii. Ina bei ya juu kidogo na haipatikani kila duka, lakini si dawa adimu. Kidonge chake humezwa kizima. Ukikivunja au kukisaga kwa ajili ya mzee asiyeweza kumeza, umeimwaga dawa yote kwa mkupuo na faida yake imepotea. Vilevile usishtuke ukiona kitu laini chenye umbo la kidonge kwenye choo. Hilo ni ganda lake tu, dawa iliyokuwamo imekwisha kuingia mwilini.

Kuharisha kunakoanza baada ya mtu kuitumia metformini kwa miaka bila shida kusihesabiwe moja kwa moja kuwa ni kosa la dawa. Huenda ni maambukizi, huenda ni maji, huenda ni kisukari chenyewe kilichogusa mishipa ya fahamu ya utumbo. Na pale unapotapika au kuharisha kiasi cha kuishiwa maji, iwe ni kwa sababu yoyote ile, metformini husimamishwa kwa muda na unakwenda kituoni, kwani figo zilizokaukiwa maji hushindwa kuitoa, na kwa nadra hilo huweza kuleta mrundikano wa tindikali kwenye damu. Kwa sababu hiyohiyo damu ipimwe kreatinini, kipimo kinachoonyesha kazi ya figo, angalau mara moja kwa mwaka. Uchujaji wa figo ukishuka chini ya mililita 30 kwa dakika, metformini haitumiki tena. Ukiwa kati ya 30 na 45, dozi hupunguzwa.

Liko jambo jingine linalosahaulika. Metformini inayotumiwa kwa miaka mingi huweza kupunguza ufyonzaji wa vitamini B12, na upungufu wake huleta miguu kufa ganzi, ulimi kuuma na damu kupungua. Kwa kuwa ganzi ya miguu ni dalili ya kisukari pia, mgonjwa na mhudumu wote wawili huishia kukilaumu kisukari. Aliyetumia dawa hii kwa miaka minne au mitano na sasa ana ganzi aulizie kipimo cha B12, hata kama itabidi sampuli ipelekwe maabara kubwa zaidi. Upungufu huo hutibiwa kwa vidonge au sindano za vitamini, na metformini inaendelea.

Sukari inaposhuka

Hapa ndipo napenda msomaji akae zaidi, kwa kuwa haya si maudhi, ni hatari. Glibenklamaidi, glimepiraidi na gliklazaidi hufanya kazi kwa kulisukuma kongosho litoe insulini, na hulisukuma hata usipokula. Mvuvi wa Sahare aliyemeza glibenklamaidi magharibi, akaondoka na mtumbwi bila kula akitegemea kula baharini, amejiweka katika hali ambayo hakuna wa kumsaidia. Kanuni ya dawa za kundi hili ni kwamba kidonge hufuatana na mlo: mlo usipokuwepo, dozi hiyo inarukwa, na jambo hilo linaandikwa daftarini.

Dalili ni jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio, kichwa kuuma, kisha kuchanganyikiwa, maneno kugongana, hata kupoteza fahamu. Mkoani kwetu jasho na kutetemeka hudhaniwa kwanza kuwa ni malaria, na mzee anayezungumza ovyo saa 9 usiku hudhaniwa kapandwa na mashetani. Pima sukari kabla ya jambo lolote. Ikiwa mashine haipo na mtu anatumia dawa hizi au insulini, mchukulie kuwa sukari imeshuka na umpe sukari. Chini ya milimoli 4 kwa lita ni kushuka, chini ya 3 ni kushuka kubaya. Koroga vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari katika maji, au mpe takribani nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Baada ya dakika 15 pima tena, rudia ikiwa haijapanda, kisha mpe chakula cha kukaa tumboni kama mkate au muhogo. Aliyezimia hatiwi chochote mdomoni, wala asali, wala soda; analazwa ubavu na kupelekwa hospitali mara moja. Na kwa sababu glibenklamaidi hukaa mwilini kwa muda mrefu, sukari inaweza kuanguka tena saa kadhaa baada ya mgonjwa kuonekana amepona, kwa hiyo aliyezidiwa nayo anahitaji kuangaliwa hospitalini hata akisema yuko sawa.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, limeweka gliklazaidi na kutamka kwamba glibenklamaidi haifai kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Hata hivyo bado utaikuta glibenklamaidi kwenye mifuko ya dawa ya wazee wengi. Ikiwa mama au baba yako anaitumia, na hasa kama figo zake si nzima, nenda naye kliniki ukaulize waziwazi kama anaweza kuhamishiwa gliklazaidi au dawa isiyoshusha sukari kupita kiasi. Kama ningeambiwa nichague swali moja tu la kuulizwa na kila familia, ningechagua hilo.

Dawa nyingine humsukuma mtu huyohuyo kwenye mteremko. Septrini na siprofloxasini, ambazo watu hujinunulia kwa ajili ya tumbo au mkojo, huweza kuongeza nguvu ya dawa za kundi hili. Kwinini hushusha sukari yenyewe. Propranololi, inayotolewa kwa ajili ya shinikizo la damu au moyo, huficha kutetemeka na mapigo ya haraka, ila jasho hubaki. Kwa upande wa pili prednisoloni na deksamethasoni hupandisha sukari, na mgonjwa aliyepewa hizo kwa ajili ya pumu asidhani dawa zake za kisukari zimechuja. Kila unaponunua dawa yoyote, hata ya mafua, tamka kwanza: "Nina kisukari, natumia hizi."

Insulini

Insulini nayo hushusha sukari, na hatua za kuchukua ni zilezile. Maudhi mengine mawili husababishwa na namna ya kuitumia. La kwanza ni uvimbe laini wa mafuta chini ya ngozi, pale mtu anapochoma sehemu moja kila siku kwa sababu hapaumi. Insulini iliyochomwa hapo huingia mwilini bila mpangilio, leo kidogo, kesho kwa wingi. Pitisha vidole tumboni na mapajani. Ukigusa kinundu, pahame hapo kwa miezi kadhaa, na kila sindano iwe umbali wa vidole viwili kutoka ya jana. Ukihama kutoka kwenye kinundu, dozi yako ya zamani inaweza kuwa kubwa mno, hivyo mjulishe mhudumu na upime mara kwa mara.

La pili ni joto. Wakati wa kaskazi chumba chenye paa la bati hapa Tanga hupita nyuzi 30 bila taabu, na insulini iliyoharibika kwa joto hufanya mtu aongezewe uniti asizozihitaji, mpaka siku atakapofungua kichupa kipya chenye nguvu kamili. Kichupa ambacho hakijafunguliwa hukaa kwenye jokofu nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandisha. Kilichofunguliwa hutumika kwa takribani wiki 4, kama kibandiko kinavyoelekeza. Pasipo jokofu, tumia mtungi wa udongo: tia kichupa ndani ya kopo au mfuko usiopitisha maji, ukiweke ndani ya mtungi uliolowa, kivulini penye upepo. Insulini ya rangi ya maziwa huviringishwa taratibu kati ya viganja kabla ya kuvutwa na sirinji, haitikiswi. Ikiwa na mabonge yasiyoyeyuka, itupe.

Kuomba mbadala

Ukiwa umekwisha kurekebisha saa, chakula na kiasi, na tatizo bado lipo, sasa ni wakati wa kuzungumzia dawa nyingine. Usimwambie daktari "nibadilishie" peke yake. Mwambie kama hivi: "Daktari, tangu niongezewe kidonge cha asubuhi naharisha karibu kila siku ifikapo saa 3, na ukweli ni kwamba dozi nyingine nimeziruka. Nimejaribu kukinywa baada ya kula, haikusaidia. Naomba tuangalie kama naweza kupunguziwa, au kupewa ile inayotoa dawa taratibu." Kukiri kwamba umeruka dozi ndiko kunakomwezesha kusoma kipimo chako sawasawa.

Kuhusu dawa zenyewe, sitagliptini na vildagliptini ni tulivu: hazileti unene, ni nadra kushusha sukari kupita kiasi zikiwa peke yake, na maudhi yake ni machache, ingawa nguvu yake ni ya wastani. Maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni ni sababu ya kuziacha na kwenda hospitali. Pioglitazoni hufanya kazi vizuri lakini huvimbisha miguu, na mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu haipaswi kumgusa.

Dapagliflozini na empagliflozini hutoa sukari kupitia mkojo, na zimeonyesha faida kubwa kwa moyo na figo. Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Taabu yake inatokana na kazi yake yenyewe. Mkojo wenye sukari hualika fangasi sehemu za siri kwa wanawake na wanaume, hivyo maji safi baada ya haja na nguo za ndani kavu ni sehemu ya tiba. Aibu isimfanye mtu aache dawa ilhali fangasi hutibika. Hata hivyo husimamishwa wakati wa kutapika, wa kushindwa kula na kabla ya upasuaji, kwa kuwa huweza kuleta ketoni hata kipimo cha sukari kikiwa si cha kutisha.

Sindano za kundi la semaglutaidi hupunguza sukari na uzito, huleta kichefuchefu mwanzoni, na gharama yake bado iko mbali na mifuko ya wengi wetu. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya semaglutaidi bandia sokoni, kwa hiyo ya kuletewa na mtu kwa njia ya simu usiiguse.

Dawa mpya si lazima iwe bora kwako. Kinachoamua ni figo, moyo, umri, uzito na mfuko. Kabla hujatoka chumba cha daktari uliza kama dawa ipo kwenye orodha ya bima yako na kama hutolewa katika ngazi ya kituo unachohudhuria, kisha pita dirisha la dawa ukahakikishe ipo. Dawa inayopatikana mwezi mmoja na kukosekana miezi miwili itakurudisha pabaya kuliko gliklazaidi ya kila siku. Bombo wakiona suala lako linahitaji bingwa zaidi, rufaa ya kanda yetu ni hospitali ya KCMC, Moshi.

Uwatu na mitishamba mingine

Watu wanaokimbia maudhi ya vidonge huangukia kwenye uwatu, mlonge, shubiri na mdalasini. Uwatu huweza kushusha sukari kidogo, na sababu ya kuutaja kwa daktari ni hiyo hasa: ukijumlishwa na glibenklamaidi au insulini unaweza kukushusha usipotarajia. Shubiri huharisha, na ukiinywa pamoja na metformini hutajua ni ipi iliyokukosesha usingizi. Unga usio na jina unaosemekana kuponya kisukari ndani ya siku chache uuogope zaidi, kwa kuwa imewahi kugundulika katika nchi mbalimbali kwamba dawa zinazoitwa za asili zilitiwa glibenklamaidi kwa siri.

Mwezi wa Ramadhani

Atakaye kufunga aende kliniki wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama, si siku ya mwisho ya Shaabani. Kwa kawaida dozi kubwa ya metformini huhamishiwa futari na ndogo hubaki daku. Dawa za kundi la gliklazaidi na insulini hupangwa upya na mara nyingi hupunguzwa. Kuchoma kidole kupima sukari, kwa mujibu wa wanazuoni wengi, hakubatilishi saumu. Fungua mara moja sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, au ukijisikia dalili za kushuka hata kama adhana imebaki dakika chache. Mwenye kushuka sukari mara kwa mara, mwenye figo dhaifu na mjamzito anayetumia insulini wasikilize zaidi ushauri wa kutofunga.

Baada ya kubadilishiwa

Wiki mbili za kwanza pima mara nyingi kuliko kawaida, hasa kabla ya kula na kabla ya kulala, na uendeleze daftari. Baada ya miezi 3 omba kipimo cha HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari wa kipindi chote hicho. Upele unaochubua ngozi, uso au midomo kuvimba, macho kuwa ya manjano, kupumua kwa shida au kutapika kusikokoma si mambo ya kusubiri tarehe ya kliniki. Maudhi mazito mwombe mhudumu ayaripoti kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo hukusanya taarifa hizo kutoka vituoni na kwa wagonjwa wenyewe.

Dawa ya zamani iondoke nyumbani siku ileile mpya inapoingia. Irudishe kwenye dirisha la dawa, usimpe jirani, na uchukue kalamu ukafute jina lake kwenye cheti na daftari, kisha umwonyeshe kila anayekusaidia kunywa dawa ni boksi lipi limebaki.